Otomatiki inayogonga ikishuka gia: ubadilishe oili, solenoidi, au giaboksi nzima?

Gari linakaribia taa za barabarani, dereva ameachia mafuta na anakanyaga breki taratibu, na mita chache kabla halijasimama linasukumwa mbele kana kwamba daladala imeligusa kwa nyuma. Wengine hulipata tatizo hili wanapotaka kulipita lori mlimani: wanakanyaga mafuta, giaboksi inakawia kidogo, kisha inashuka gia kwa kishindo kinachofika hadi kwenye usukani. Mwenye gari akiyapeleka malalamiko hayo katika gereji nne anaweza kurudi na majibu manne, kwamba abadilishe oili, aifute kumbukumbu ya kompyuta, afunguliwe valvu bodi (bamba la valvu linaloelekeza oili ndani ya giaboksi) na kuwekewa solenoidi (valvu ndogo ya umeme) mpya, au atafutiwe giaboksi nyingine ya mtumba. Gharama ya jibu la kwanza hulipika kwa fedha ya mfukoni, na ya jibu la mwisho humfanya mtu afikirie kuliuza gari. Kuzilinganisha tiba hizi kwa bei peke yake ni kosa, kwa sababu kila moja ina ugonjwa wake, na tiba ya bei kubwa haiponyi ugonjwa wa tiba ndogo.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni giaboksi ya gia nne aina ya U340E, iliyomo katika Toyota IST ya kizazi cha kwanza na katika Corolla nyingi za injini ya 1NZ-FE, kwa kuwa ndiyo inayojaa kwenye barabara zetu na ndiyo ambayo mafundi wetu wengi wameizoea. Giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda badala ya gia, na zile za magari ya Ujerumani zina tabia zake, nami nitazigusa mbele.

Kugonga si kuteleza

Tofauti ambayo ningependa mwenye gari aifahamu kabla ya nyingine zote ni hii: kugonga na kuteleza ni dalili mbili zinazoelekeza mahali tofauti. Kushuka gia ni makabidhiano, ambapo klachi moja ndani ya giaboksi inaachia na nyingine inashika, na nguvu inayozisukuma klachi hizo ni shinikizo la oili linalopimwa na kompyuta kupitia solenoidi. Klachi zikiwa zimekwisha, kwa kawaida giaboksi huteleza: mzunguko wa injini unapanda, gari haliongezi mwendo, na gia inashika kwa kuchelewa. Gia inaposhika kwa kishindo bila kuteleza kwanza, mara nyingi klachi bado zina uhai, na tatizo liko katika shinikizo kubwa mno, katika wakati mbaya wa makabidhiano, au nje kabisa ya giaboksi.

Katika giaboksi hii kuna solenoidi ya kudhibiti shinikizo inayoitwa SLT, na imeundwa hivi kwamba ikikosa umeme, shinikizo linapanda hadi juu kabisa. Wahandisi walifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu shinikizo dogo huziacha klachi ziteleze na kuungua, ilhali shinikizo kubwa huleta usumbufu tu kwa abiria. Kwa hiyo gari linalogonga katika kila gia, ikipanda na ikishuka, huenda lina giaboksi inayojilinda wala si iliyokufa. Kumwambia mwenye gari la namna hiyo kwamba giaboksi yake imekwisha ni sawa na kumzika mgonjwa wa homa.

Ipo hali ya tatu, iliyo katikati: giaboksi inateleza kwanza, kisha inagonga. Mzunguko wa injini unaruka kwa nusu sekunde wakati wa kukanyaga mafuta, halafu gia inashika kwa nguvu. Hii haimo katika kundi la kugonga kutupu, na mwenye nayo asiridhike haraka na tiba ndogo.

Kilicho nje ya giaboksi

Shemeji yangu aliwahi kubadilishiwa giaboksi ya Spacio yake kwa sababu ya kishindo cha namna hii, na gari likatoka gereji likigonga vilevile. Raba moja inayoishikilia injini kwa nyuma, ambayo mafundi huiita mauntingi, ilikuwa imechanika. Aliyeibadilisha giaboksi alikuwa ameifungua raba hiyo na kuirudisha kwa mikono yake mwenyewe.

Kipimo chake ni rahisi. Handbreki ipandishwe, breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu, mtu mmoja asimame pembeni ya gari wala si mbele yake akiitazama injini, na dereva ahamishe gia kutoka D kwenda R na kurudi, akituliza kidogo kila mara. Injini itatikisika kiasi, lakini ikiinuka waziwazi na kurudi kwa kishindo, mauntingi ndiyo ya kuanza nayo. Jambo la pili ni mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ambao mafundi huuita sailensa. Throto, yaani mlango wa hewa ya injini, iliyojaa masizi, au mpira wa hewa unaovuja, huufanya mzunguko upande au uyumbe, na giaboksi ikishuka kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza huku injini ikisukuma kuliko inavyotarajiwa, mshtuko haukwepeki. Ikiwa gari linagonga asubuhi tu, injini ikiwa baridi na sailensa ikiwa juu, kisha linatulia likishapata moto, kusafisha throto na kukagua oili kuna maana zaidi kuliko kufungua chochote.

Kwa magari yenye propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, hasa Prado na jamaa zake, kuna hila nyingine. Propela shafti ina sehemu inayoteleza ndani ya nyingine ili kufuata mwendo wa springi. Sehemu hiyo ikikauka grisi, hunasa wakati gari linafunga breki na pua yake kuinama, kisha huachia ghafla gari linaposimama au linapoanza kuondoka. Dereva husikia mgongo mmoja mzito, yaani kishindo, kutoka chini ya kiti na kuilaumu giaboksi. Dawa yake ni bomba la grisi, pamoja na kuzikagua krosi, yaani viungo vya shafti hiyo, ikiwa zimelegea. Hakuna tiba nyingine katika orodha hii yenye gharama ndogo kama hiyo, na bado watu wengi huifikia mwisho.

Kumwaga oili au kuisukuma yote kwa mashine

Baada ya hayo ya nje, oili ndiyo inayofuata, lakini ipimwe kwanza. Katika Toyota yenye stiki ya kupimia, oili hupimwa injini ikiwa inaunguruma na giaboksi ikiwa na moto, baada ya kuipitisha gia katika nafasi zote na kuirudisha P, na usomwe ule upande wenye alama za moto. Honda nyingi hupimwa kinyume chake, yaani injini ikiwa imezimwa muda mfupi uliopita. Gari lisilo na stiki hupimwa kwa tundu la kufurikia lililo chini, oili ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, na kazi hiyo haifai kufanywa kwa kukisia. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa na shinikizo huyumba. Ikizidi, gia zinazozunguka huipiga hadi itoe povu, na matokeo yanakaribiana.

Aina ya oili ina uzito uleule wa kiasi chake. U340E ya miaka ile ilitengenezewa oili ya Toyota Type T-IV. Aina ya WS, iliyokuja baadaye, ni nyepesi zaidi, na Toyota haizichukulii kuwa kitu kimoja. Chupa iliyoandikwa kwamba inafaa magari yote inaweza kuwa nzuri kwa kazi fulani, lakini mwenye gari linalogonga hapaswi kuifanya kuwa sehemu ya uchunguzi, kwa kuwa anaongeza swali jipya juu ya swali ambalo hajalijibu.

Sasa ulinganisho wenyewe. Kumwaga kupitia nati ya chini hutoa sehemu tu ya oili, kwani nyingi hubaki ndani ya torki konveta, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, na katika mirija ya kupoza. Tuseme kila mara inatoka asilimia 40. Ukimwaga na kujaza mara moja, giaboksi ina asilimia 40 ya oili mpya. Mara ya pili inafika 64. Mara ya tatu inapita kidogo 78. Kusukuma kwa mashine hufika karibu na mia kwa siku moja, lakini hutumia oili nyingi zaidi na humtegemea fundi anayeijua mashine yake. Mimi huchagua kumwaga mara mbili au tatu, kwa kuachana wiki moja au mbili za matumizi ya kawaida, hasa kwa gari ambalo historia yake haijulikani. Sababu yangu ni kwamba kila mara ninapata nafasi ya kuitazama oili iliyotoka na kuhisi kama mgongo unapungua, wakati mashine hunipa jibu moja tu, la ndiyo au hapana.

Watu wengi huamini kwamba kubadilisha oili kwenye giaboksi ya zamani huiua. Kuna chembe ya ukweli hapo, ila imesimuliwa kinyume. Klachi zilizokwisha humwaga unga wao ndani ya oili, na unga huo unaweza kusaidia kidogo kushikana kwa kile kilichobaki. Oili safi inapoingia, mteleza uliokuwa umejificha unajitokeza. Oili haikuleta ugonjwa, iliuvua nguo. Kwa hiyo gari linalogonga bila kuteleza lina sababu ndogo ya kuogopa oili mpya, ilhali gari linaloteleza, lenye oili nyeusi inayonuka kama mkate ulioungua, halitaponywa na oili na huenda likaonekana kuzidiwa.

Sampu, yaani beseni la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa, sumaku zilizomo ndani zitazamwe kwa makini. Tope laini la kijivu, mfano wa grisi, ni la kawaida kwa giaboksi iliyofanya kazi miaka mingi. Vipande vinavyong'aa na vinavyoweza kushikwa kwa vidole ni habari nyingine, na hapo pesa ya solenoidi iwekwe kando kwanza.

Saa ya mkononi dhidi ya mashine ya kusoma kodi

Gereji nyingi siku hizi huanza kwa kuchomeka mashine, na si vibaya, ilmradi kodi, yaani namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta, isomwe kama mwanzo wa uchunguzi. P0748 huelekeza kwenye umeme wa solenoidi ya shinikizo; P0717 na P0722 huhusu vitambuzi vya mwendo wa kuingia na kutoka giaboksi, ambavyo vikidanganya, kompyuta hukosea wakati wa kushusha gia; P0741 hugusa klachi ya torki konveta; na P0730 husema kwamba uwiano wa gia haulingani na ulioamriwa, jambo linalokaribia zaidi kuteleza. Taa ya O/D OFF inayopepesa yenyewe katika Toyota za zamani ni wito wa kuchomeka mashine. Mashine ikikosa kodi yoyote, hata hivyo, haina maana kwamba giaboksi ni nzima, kwa sababu mashine huona umeme na mwendo, wala haioni valvu inayokwama au raba iliyochanika.

Saa ya simu hutoa jibu ambalo mashine ya bei rahisi haitoi. Giaboksi ikiwa na moto na breki ikiwa imekanyagwa, gia ihamishwe kutoka N kwenda D na uhesabiwe muda hadi mshtuko mdogo wa kushika uhisike. Toyota huandika kwamba usizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R usizidi sekunde 1.5. Kipimo kirudiwe mara tatu, kukiwa na pumziko la dakika moja katikati, na ichukuliwe wastani. Muda mrefu unaashiria shinikizo dogo, oili iliyopungua au klachi zilizokwisha. Muda mfupi sana unaoambatana na kishindo unaashiria shinikizo lililopita kiasi, na gari la namna hiyo linatupeleka moja kwa moja kwenye solenoidi.

Solenoidi moja au valvu bodi nzima

Uzuri wa U340E ni kwamba valvu bodi yake inafikiwa kwa kufungua sampu, giaboksi ikiwa bado mahali pake. Solenoidi ya SLT hupimwa kwa mita ya kawaida: ikiwa na joto la nyuzi 20, ukinzani wake huwa kati ya omu 5.0 na 5.6, na zile za kufungua na kufunga tu, kama S1 na S2, huwa kati ya omu 11 na 15. Ikitoka nje ya vipimo hivyo, ibadilishwe bila majadiliano. Ikiwa ndani yake, bado inaweza kuwa imekwama kwa uchafu, jambo ambalo mita haioni. Ndiyo maana fundi mwangalifu huipa umeme kidogo kwa utaratibu unaofaa na kusikiliza kama kipistoni chake kinatembea. SLT haipewi umeme wa betri moja kwa moja, bali kupitia balbu au kizuizi kinachopunguza mkondo, vinginevyo inaungua mikononi.

Kubadilisha solenoidi moja kunafaa pale ambapo dalili ziko wazi: kodi inaitaja, ukinzani umekosea, au mgongo ulianza ghafla kama taa iliyozimwa. Kubadilisha valvu bodi nzima kunafaa zaidi pale ambapo mgongo umekuwa ukikua polepole kwa miezi, unazidi giaboksi ikipata moto, na unahusu mteremko mmoja tu wa gia, tuseme kutoka ya tatu kwenda ya pili. Mwili wa valvu hizo ni wa alumini; matundu yake yakilika, oili ya moto na nyepesi huvujia pembeni, na solenoidi mpya haiwezi kuziba tundu lililopanuka. Wengine huchagua njia ya kati, ambayo ni kuifungua valvu bodi na kuisafisha. Kwa mikono mizuri inafanya kazi, lakini ndani mna vigololi na springi ambavyo kila kimoja kina kitundu chake, na kigololi kimoja kikipotea au kikihama, gari huingia likigonga na kutoka likikataa kurudi nyuma. Nisingeikabidhi kazi hiyo kwa fundi ambaye hanipi meza safi ya kuitazama.

Kufuta kumbukumbu ya kompyuta hakustahili kuhesabiwa kama tiba inayojitegemea. Kompyuta hujifunza namna klachi zinavyoshika na hurekebisha shinikizo kidogo kidogo. Baada ya kubadilisha oili au valvu bodi, mazoea ya zamani hayafai tena, hivyo kuyafuta na kuliendesha gari kwa utulivu kwa muda ni hatua ya kumalizia. Kuyafuta peke yake, pasipo kurekebisha kitu, huleta unafuu wa siku chache kisha mgongo unarudi, na kwa bahati mbaya siku hizo chache hutosha fundi kulipwa.

CVT na magari ya Ujerumani

Nchini Kenya, ambako gari la mtumba linaloingizwa halipaswi kuzidi umri wa miaka minane, wenye CVT ni wengi, na ulinganisho wa hapo juu hauwafai wote. CVT haina gia za kushuka. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazobadilisha upana. Ikigonga gari linapokaribia kusimama, hushukiwa zaidi oili yake, klachi ya torki konveta inayochelewa kuachia, au puli zisizorudi mahali pa kuondokea kwa wakati. Oili yake ni yake peke yake, kama vile CVT Fluid TC au FE kwa Toyota na NS-2 au NS-3 kwa Nissan, na ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida ikiingia humo mkanda hupoteza mshiko unaoutegemea. Kwa CVT mimi hubadilisha oili mapema zaidi, na hukata tamaa mapema zaidi, kwa sababu mkanda ukishakwaruza puli hakuna solenoidi itakayofuta mikwaruzo.

BMW na Range Rover zenye giaboksi ya ZF 6HP zinajulikana kwa mgongo wa kushuka gari linapokaribia kusimama, na hapo oili ndiyo ninayoipa nafasi kubwa kuliko katika Toyota. Watengenezaji wengi wa magari waliiita oili ya maisha yote, ilhali ZF wenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka minane. Filta yake imeungana na sampu ya plastiki, hivyo vyote hubadilishwa pamoja, na kumbukumbu ya kompyuta hufutwa baadaye kwa mashine inayoliongelea gari hilo.

Kufufua iliyopo au kununua ya mtumba

Tukirudi kwenye gari linaloteleza, ambalo oili yake imeungua na sumaku zake zina vipande, hapo ndipo chaguo hili linapokuwa na haki ya kuzungumzwa. Giaboksi ya mtumba, iwe ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road, Nairobi, ina faida ya haraka: kwa U340E zinapatikana kwa wingi, na fundi anayeijua anaweza kumaliza kwa siku moja. Hasara yake ni kwamba unanunua umri usioujua. Kufufua, yaani kubadilisha klachi, sili na mara nyingine torki konveta, hutoa giaboksi unayojua kilichomo, lakini hudai fundi mwenye vipimo na subira, na vipuri vyake kwa aina zisizo za kawaida huchelewa. Kwa gari la kawaida lenye giaboksi ya kawaida mimi huchagua mtumba. Kwa Prado, ambayo mwenye nayo anakusudia kuitumia miaka kumi zaidi, huchagua kufufua.

Anayenunua ya mtumba afungue nati ya kumwagia pale pale dukani, anuse na kutazama oili iliyobaki. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu. Alinganishe namba ya aina ya giaboksi na ile iliyo kwenye kibati cha gari lake, kwa sababu mbili zinazofanana kwa umbo huweza kutofautiana kwa uwiano wa difu, yaani gia za mwisho kabla ya magurudumu. Aichukue pamoja na torki konveta yake, abadilishe sili za mbele na za ekseli wakati bado iko chini, na ahakikishe kwamba mirija na kipozeo cha oili kilichomo ndani ya rejeta vimesafishwa kabla ya kuiwasha, kwa kuwa chembe za chuma za giaboksi iliyokufa bado zimo humo, na katika dakika za mwanzo tu zitaingia ndani ya hiyo aliyotoka kuinunua.